Kufundisha Mdundo kwa Watoto wa Shule ya Msingi: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Aliyechoka Kulipigia Darasa Zima Makofi

Walimu wanaoniuliza kuhusu kufundisha mdundo huwa na kisa kile kile. Darasa linapiga makofi vizuri kabisa mwalimu akiwa mbele anapiga nao. Akiacha kidogo, ageuke aandike ubaoni au anyamaze tu kusikiliza, kila kitu kinaporomoka. Wengine wanakimbia, wengine wanaburuta, na kuna mmoja pale nyuma anayepiga wimbo wake mwenyewe.

Hao watoto hawakusahau, kwa sababu hawakuwa wamejua. Walikuwa wanafuata mikono ya mwalimu kwa macho, kila kofi likija nyuma ya lake kidogo sana, na sauti ya darasa zima ikiificha tofauti hiyo. Mimi nilifundisha hivyo miaka mingi nikidhani nafanya kazi nzuri.

Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja tu, na utakikuta katika kila hatua: unanyamaza, unaacha kupiga, unaangalia kinachobaki. Kikibaki imara, endelea. Kisipobaki, rudi nyuma, hata kama ratiba inasema vingine.

Vitu vya kuandaa

- Ngoma moja, au kitu chochote chenye sauti nzito na kavu. Meza ya mbao inatosha. Epuka kitu kinacholia kwa muda mrefu baada ya kupigwa, kwa sababu mtoto hatajua pigo limeanza wapi.
- Nafasi ya kutembea. Kama madawati hayasogezwi, watoto watatembea papo hapo pembeni mwa viti vyao.
- Saa yenye mshale wa sekunde, ya kupimia mwendo. Metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo uliokipangia, ni nzuri ukiwa nayo, lakini iwe ya kukukagua wewe. Watoto wasiifuate.
- Kadi nene kama ishirini na kalamu ya wino mzito, au ubao na chaki.
- Vijiti vya mbao, jozi moja kwa kila mtoto, urefu wa sentimita 20 hivi. Vifungie kabatini. Hutavihitaji mpaka mwisho kabisa, na vikionekana mapema somo limekwisha.
- Nyimbo mbili au tatu ambazo watoto wanazijua kwa moyo. Wimbo mpya utawapa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Muda: dakika kumi hadi kumi na mbili mwanzoni mwa kila kipindi. Kipindi kizima cha mdundo kinachosha, na mtoto aliyechoka anaongeza kasi.

Maneno mawili tusiyachanganye

Mapigo ni ile hatua inayojirudia kwa usawa chini ya wimbo, kama mtu anayetembea bila kubadili mwendo. Mdundo ni mpangilio wa sauti fupi na ndefu unaokaa juu ya mapigo hayo. Ukiimba, miguu yako inafuata mapigo, na silabi za maneno zinafanya mdundo.

Mwalimu akisema "pigeni mdundo" mara akimaanisha kimoja, mara kingine, watoto hawatatofautisha kamwe. Chagua maneno yako leo na uyashike mwaka mzima.

Hatua ya 1: Mapigo yaingie miguuni

Piga ngoma kwa mwendo wa kawaida wa kutembea, na watoto watembee nayo. Usiseme mengi. "Ngoma ikitembea, tembeeni. Ikisimama, simameni." Basi.

Tunaanza na miguu kwa sababu uzito wa mwili ukihama kutoka mguu hadi mguu mtoto anahisi pigo linalofuata kabla halijafika. Mikono haina uzito huo. Kofi ni jepesi mno, linaweza kuangukia popote.

Mwendo unaofaa ni kati ya mapigo 100 na 120 kwa dakika. Ili kupima, hesabu mapigo yako kwa sekunde 15: yakiwa kati ya 25 na 30, uko sawa. Walimu wengi huanza polepole wakidhani wanawarahisishia wadogo, kumbe mwendo wa polepole ndio mgumu zaidi. Nafasi kati ya pigo na pigo inakuwa ndefu, na mtoto hana cha kuijaza.

Baada ya siku mbili tatu, badilisha mwendo: haraka kidogo, kisha taratibu. Wakitembea vizuri, anza kuondoa ngoma. Piga mapigo nane, nyamaza mapigo manne, rudi. Kisha nane kwa nane.

*Angalizo:* usitumie maandamano ya duara kila siku. Kwenye duara mtoto anafuata mgongo wa aliye mbele yake. Waache watawanyike, kila mmoja aende anakotaka.

*Utajua wamefika* ngoma yako itakapokaa kimya kwa mapigo nane na ukirudi ukute miguu yao bado iko pamoja. Usitafute ukamilifu. Watoto watatu au wanne waliopotea katika darasa kubwa hawakuzuii, hatua zinazofuata zitawavuta.

Hatua ya 2: Pigo la kimoyomoyo

Watoto wakae. Hesabuni kwa sauti moja hadi nane, huku kila mtoto akigonga kiganja kwa vidole viwili. Kwa nini vidole viwili na si makofi kamili? Kwa sababu makofi ya watoto arobaini ni kelele, na kwenye kelele hakuna anayesikiliza. Nusu ya matatizo ya mdundo darasani ni matatizo ya sauti kubwa.

Sasa hesabuni 1, 2, 3, 4 kwa sauti, kisha 5, 6, 7, 8 moyoni bila kugonga, halafu wote wapige kofi moja kubwa pale "moja" inaporudi. Watoto wanaupenda mchezo huu kupita kiasi. Utausikia mpaka uwanjani.

Angalizo hapa ni kwako, mwalimu. Kichwa chako kitataka kutikisika. Utavuta pumzi kabla ya "moja". Nyusi zitapanda. Watoto wataziona dalili zote hizo na kuzitumia, maana wao ni wajanja kuliko tunavyodhani. Wape mgongo, au waambie wafumbe macho.

*Utajua wamefika* kofi la "moja" likisikika kama mlango uliofungwa: pa! Likisikika kama mvua ya mawe, rudia kesho.

Hatua ya 3: Kutenganisha mapigo na mdundo

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kila kitu kinapoharibikia. Chukua wimbo mmoja ule wanaoujua, na uende hivi, bila kuunganisha siku mbili kuwa moja:

Siku ya kwanza, wote waimbe huku wakitembea mapigo papo hapo. Siku ya pili, wote waimbe huku mikono ikigonga maneno, yaani kila silabi na kofi lake. Miguu itulie kabisa. Siku ya tatu, gawa darasa: nusu miguu, nusu mikono, wote wakiimba. Wabadilishane bila wimbo kukatika. Siku ya nne, fanya vivyo hivyo lakini bila kuimba, wimbo ubaki kichwani.

Maelezo ninayowapa watoto ni haya tu: "Miguu ni saa, mikono ni maneno." Mtoto wa miaka sita anaelewa kwamba saa haikimbii eti kwa sababu mtu anaongea haraka.

*Angalizo:* usimwambie mtoto afanye miguu na mikono kwa pamoja mpaka siku hizo nne zimepita. Akijaribu mapema, mikono itakuwa inaiga miguu, au miguu itaanza kufuata silabi. Ukiona miguu inapiga "maneno", jua mapigo hayajakomaa. Rudi hatua ya kwanza, wala usione aibu.

*Utajua wamefika* ukigonga kitu kwenye meza na kuuliza, "Hii ni saa au ni maneno?" na darasa likajibu sawa bila kukuangalia usoni.

Hatua ya 4: Maneno yawe midundo

Vitabu vingi vya mbinu vimeandikwa kwa lugha zenye maneno mengi ya silabi moja. Utasoma: neno la silabi moja ni pigo moja, la silabi mbili ni nusu pigo mara mbili. Mwalimu anatafsiri orodha, anaingia darasani, na mambo hayaendi. Kosa si la watoto. Kiswahili kimejengwa vingine.

Kwanza, maneno yetu ya kawaida ya silabi moja ni machache mno, na hata yanayoonekana hivyo mara nyingi siyo. Mbwa ni m-bwa, nge ni n-ge: ile m na ile n ni silabi kamili, tena ndiyo yenye mkazo. Lakini mbuzi ni mbu-zi, mb inakwenda pamoja. Kwa sauti ya pigo moja, tumia tanakali: pa! pu! bu! Zinafanya kazi kuliko neno lolote, na watoto hawachoki kuzisema.

Pili, mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hili ndilo linaloamua neno liingieje kwenye mapigo.

Maneno ya silabi mbili hayana shida. SI-mba, TWI-ga, CHU-ra, NYU-ki: mkazo uko mwanzoni, kwa hiyo neno zima linaingia kwenye pigo moja, nusu kwa nusu.

Maneno ya silabi tatu ndiyo mtego. Ki-NYO-nga. Su-NGU-ra. Ukiyapanga fupi-fupi-ndefu, pigo la pili linaangukia "nga" na mtoto anaimba kinyoNGA, jambo ambalo sikio lake linalikataa hata kama hajui kwa nini. Yapange ndefu-fupi-fupi: "ki" ichukue pigo zima, "nyonga" ziingie pamoja kwenye pigo linalofuata. Mkazo unaangukia palepale panapotakiwa.

Maneno ya silabi nne ni zawadi. Ki-pe-PE-o, ko-no-KO-no: nusu pigo nne, mkazo kwenye mwanzo wa pigo la pili.

Anza na wanyama wachache walio kwenye kadi. Panga kadi nne kwa mstari, kila moja pigo moja (kinyonga anachukua kadi mbili), kisha darasa lisome huku miguu ikitembea:

simba – simba – ki – nyonga

Kisha wasome bila sauti, mikono ikigonga. Kisha mtoto mmoja aje abadilishe kadi moja. Majina ya watoto wenyewe pia yanafaa, ila mwachie mwenye jina aamue linavyotamkwa. Majina yaliyotoka lugha nyingine yana mkazo wake, na mtoto hapendi jina lake lipindwe ili liingie kwenye mpango wako.

*Utajua wamefika* ukigonga mpangilio wa kadi nne na wao wakakutajia wanyama.

Hatua ya 5: Kutoka wanyama hadi silabi za mdundo

Sasa badilisha majina kwa silabi maalumu. Mimi natumia *taa* kwa pigo moja na *ta-te* kwa nusu mbili. Wengine hutumia *ta* na *ti-ti*. Zote zinafaa, mradi shule nzima ishike moja. Mtoto anayehama darasa asilazimike kujifunza upya.

Tahadhari ndogo kwa wanaotumia taa: watoto wanaijua taa ya kuwasha, na hiyo ina silabi mbili, ta-a. Watakupigia makofi mawili. Waonyeshe kwamba yetu ni sauti moja iliyonyooshwa, haina kifundo katikati.

Kwa nini tusibaki na makofi tu? Kwa sababu kofi halina urefu. Kofi la taa na kofi la ta ya kwanza kwenye ta-te vinasikika sawasawa, vyote vinazima papo hapo. Tofauti iko kwenye nafasi inayofuata, na nafasi hiyo ni sauti ya kinywa inayoijaza. Kwa hiyo kanuni: hakuna kofi bila silabi. Kwa sauti ya mapigo mawili, *taa-aa*, wapige kofi kisha waviteleze viganja bila kuvitenganisha mpaka pigo la pili liishe.

Hatua ya 6: Mwangwi

Wewe unapiga mapigo manne, wao wanarudia mara moja bila pengo. Panda ngazi hii polepole, mpangilio mmoja au miwili kwa kipindi:

1. taa taa taa taa
2. taa taa ta-te taa
3. ta-te taa ta-te taa
4. ta-te ta-te ta-te taa
5. taa ta-te ta-te taa

Yote inaishia na taa. Sauti ndefu mwishoni inamwambia mtoto kwamba zamu inahamia kwake, na inampa nafasi ya kuvuta pumzi.

Zamu yao ikifika, mikono yako ishuke. Sitaki kusikia kwamba "unawasaidia kidogo". Ukiwasaidia kidogo umerudi pale tulipoanzia.

Baada ya wiki mbili, geuza mwangwi kuwa mazungumzo: wewe unapiga, mtoto mmoja anajibu kwa mapigo manne *tofauti*. Hapa utagundua mengi. Aliyekuwa mwepesi kuiga anaweza kukwama kabisa, na yule mkimya wa pembeni akatoa jibu linalokufanya ucheke. Usisahihishe jibu lenye mpangilio wa ajabu kama limekaa ndani ya mapigo manne.

*Utajua wamefika* zamu zikizunguka watoto wanane mfululizo na mapigo hayajasimama hata mara moja.

Hatua ya 7: Kimya nacho ni muziki

Pumziko linawashinda watoto kuliko sauti yoyote, maana kwao kutopiga ni kusimama. Matokeo yake pumziko linamezwa, na pigo linalofuata linakuja mapema.

Lipe jina: *saa*, lisemwe kwa mnong'ono. (Sasa darasa lina taa na saa, na utani hautaisha.) Lipe pia mwendo: mikono ifunguke kando kama mtu anayeachia ndege. Mwili ukiwa na kazi, nafasi haimezwi.

taa ta-te taa *saa*

Wakizoea, ondoa mnong'ono, ubaki mwendo. Kisha ondoa mwendo. Ukiwahi kuondoa vyote siku moja, utasikia makofi mawili matatu yakipenya kwenye kimya, na wenyewe watageukiana kwa macho makubwa.

Hatua ya 8: Kuandika

Sasa, si mapema. Chora visanduku vinne vinavyolingana. Kila kisanduku ni pigo moja. Kisanduku cha taa kina mstari mmoja wa wima, cha ta-te kina mistari miwili, cha saa kiko wazi. Mtoto anaona kwa jicho lake kwamba ta-te haichukui nafasi kubwa kuliko taa, ingawa ina sauti mbili. Uunganishe mistari miwili ya ta-te kwa mstari wa mlalo juu, na tayari unakaribia nota zenyewe, yaani alama za kuandikia muziki. Vichwa vya nota vije baadaye, kisha visanduku vifutwe, na alama ya pumziko ichukue nafasi ya kisanduku kitupu.

Usifundishe kwa sehemu, yaani robo na thumuni, kwa watoto ambao hata hesabu za sehemu hawajazifikia. Utakuwa unafundisha hesabu mbaya na muziki mbaya kwa pamoja.

Zoezi la kupima: gonga mpangilio mara mbili, waandike, kisha *wasome walichoandika wao*. Watajisahihisha wenyewe kabla hujafika kwenye daftari.

Hatua ya 9: Vyombo, mwisho kabisa

Fungua kabati. Kila mpangilio ulishakaa mwilini, kwa hiyo kijiti ni mkono ulioongezwa urefu tu. Kanuni mbili kabla ya kugawa: kijiti kisichopigwa kinakaa sakafuni, na ishara ya kuacha ni mkono wako juu. Fanyeni mazoezi ya ishara hiyo mara tano mikono ikiwa mitupu.

Kundi moja lishike mapigo, la pili lirudie *ta-te taa ta-te taa* bila kubadilika, la tatu liimbe. Kundi la mapigo lianze peke yake kwa mapigo nane, ndipo wengine waingie mmoja baada ya mwingine. Halafu kaa chini. Kaa kweli, kwenye kiti, mikono mapajani.

Yakikwama

*Darasa linaongeza kasi.* Karibu kila mara ni kwa sababu linaongeza sauti. Usiseme "polepole", sema "kimya zaidi". Mwendo utashuka wenyewe.

*Mtoto mmoja daima amechelewa.* Huenda anafuata jirani kwa macho. Mhamishie mbele asipoona mwenzake wa kumwiga, au mpe kazi ya kupiga ngoma ya mapigo huku mkono wako ukigusa bega lake taratibu kwa mapigo manane ya kwanza. Usimtaje jina mbele ya wenzake.

*Mtoto hasikii vizuri.* Aweke kiganja kwenye ubavu wa ngoma, au avue viatu kama sakafu ni ya mbao. Anaweza kushika mapigo sawa na wenzake, maana mtikisiko unafika hata pale sauti isipofika.

*Wimbo wanaoupenda haukubali ta-te.* Inawezekana kila pigo lake linagawanyika mara tatu badala ya mbili. Uimbeni, tembeeni nao, utumieni kwenye hatua ya 1 na ya 2. Usiuandike bado.

*Walijua wiki iliyopita, leo hawajui.* Baada ya likizo ni kawaida. Anza na hatua ya 1 kwa dakika tatu, ya 3 kwa dakika tatu, kisha uruke moja kwa moja hadi mlipoishia.

*Ukumbi una mwangwi mkubwa.* Sauti inayorudi kutoka ukutani inawachanganya. Wasogeze wakae karibu karibu mbali na ukuta wa nyuma, tumieni vidole viwili badala ya makofi, au tokeni nje.